KUPANGA MALI NA WAKATI NI SEHEMU YA AMANA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na Masahaba wake wote. Amma baad.



Somo letu la Ijumaa hii limetokana na jambo lililotufikia sisi wenyewe. Tuliitwa, mimi pamoja na wazee wawili, kusuluhisha ugomvi wa nyumba mbili. Wanaume wawili walikuwa na shirika la mtumbwi: mmoja ametoa mashine, mwingine ametoa wavu na taa. Walifanya kazi miaka mingi kwa kuaminiana, na kila Ijumaa walisimama safu moja. Kisha mmoja akafariki. Mwenzake akasema, "Marehemu nilimkopesha pesa ya kununua wavu, hakunilipa." Watoto wa marehemu wakasema, "Baba alitwambia kwamba wewe ndiye unayedaiwa sehemu ya mashine." Tukauliza: iko wapi karatasi? Hakuna. Nani alishuhudia? Hakuna. Basi tulikaa tangu Alasiri hadi Isha, na kila upande unaapa kwa Mwenyezi Mungu.

Ndugu yangu msomaji, watu hawa hawakuwa wezi. Walikuwa wachamungu, tena wachapa kazi. Kilichowakosa ni kupanga. Mtu anaweza kuwa na nguvu, akili na bahati, lakini akikosa mpango, riziki yake itamwagika kama maji katika kikapu. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Bukhari na Muslim, ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi tuangalie mambo manne ambayo mtu akiyazoea, atasimama vizuri katika kazi yake, nyumba yake na mbele ya Mola wake.

1. KUJUA MAJIRA NA KUWEKA AKIBA

Sisi watu wa Baraka na vijiji vya pwani ya Fizi tunaishi kwa Ziwa Tanganyika. Kila mmoja anajua kwamba ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza, samaki hufuata mwanga wa taa na kukusanyika juu ya wavu. Mbalamwezi ikijaa, taa yetu haina nguvu tena, kwa kuwa ziwa lote limeangazwa, na mitumbwi mingi hulala mchangani. Na hizo ni siku zile zile za tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ambazo ni sunna kufunga.

Sasa tujiulize. Mbalamwezi haiji kwa ghafla. Allah ameiwekea hesabu tangu alipoumba mbingu na ardhi. Kwa nini basi kila mwezi inatukuta mikono mitupu? Wiki ya giza, mvuvi anakula nyama na kununua vitu kwa fujo. Wiki ya mbalamwezi, mke wake anazunguka kwa majirani akiomba unga wa mihogo kwa mkopo. Na mambo yanaweza kuwa magumu zaidi ya hapo: mwaka 2024, ng'ambo ya pili, serikali ya Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Mtu ambaye hawezi kuvuka siku kumi bila kukopa, miezi mitatu ataivuka vipi?

Tazameni Nabii Yusuf (A.S.). Katika Sura inayoitwa kwa jina lake tunasoma kwamba mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanene wakiliwa na saba waliokonda. Nabii Yusuf hakuishia kueleza ndoto tu. Alitoa mpango wa kazi: mlime miaka saba, mkivuna muache nafaka katika masuke yake, mle kidogo tu, na katika miaka saba ya dhiki mtakula akiba hiyo, lakini msiimalize, mbakize kidogo. Alipoomba kupewa ghala za nchi, alitaja sifa mbili tu: kwamba yeye anajua kuhifadhi na ana elimu ya kazi hiyo. Hakutaja ukoo wake, wala hakutaja uzuri wake.

Je, tugawanye namna gani? Imepokewa na Muslim hadithi ya mtu aliyekuwa na shamba, na wingu likaamrishwa kwenda kulinyeshea shamba lake peke yake. Alipoulizwa siri yake alisema kwamba mavuno yake huyagawa mafungu matatu: fungu moja anatoa sadaka, fungu moja anakula yeye na watu wa nyumba yake, na fungu moja analirudisha shambani. Ndugu yangu, fungu hilo la tatu ndilo wengi wetu tunalila. Mvuvi anakula pesa ya mafuta na ya kushona wavu. Mama wa sokoni anakula mtaji wa mawese. Mwezi ukiisha anasema amerogwa. Hakurogwa, mama. Umekula mbegu. Anza na kidogo unachoweza, lakini pesa ya kazi isikae mfuko mmoja na pesa ya chakula.

2. KUANDIKA

Aya ndefu kupita zote katika Qur'ani Tukufu, ambayo ni ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, haikushuka juu ya Swala wala Hija. Imeshuka juu ya kuandika deni. Humo Mwenyezi Mungu anaamrisha kwamba deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, anayedaiwa ndiye asomeshe maneno, washuhudie mashahidi, na watu wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Sisi tunaona haya. Tunasema, "Huyu ni ndugu yangu, nikimwandikia ataona simwamini." Lakini Allah anatujua kuliko tunavyojijua. Karatasi ndiyo inayolinda udugu siku ambayo kumbukumbu zitatofautiana, au siku ambayo mmoja atakuwa kaburini.

Wengine husema, "Mimi sikusoma." Mimi pia sikukaa sana shule, nilisoma chuoni, kwenye ubao. Aliyesoma chuo anaweza kuandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, na kaye yake ikawa sahihi kabisa. Asiyejua herufi yoyote ana mtoto anayejua. Kaye moja na biki moja haviwezi kumshinda mtu anayenunua vocha ya simu kila siku.

Ukiandika, andika kamili. Weka majina ya wote wawili. Weka kiasi, na useme kama ni falanga au dolari, maana bei ya dolari inapanda na kushuka, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Weka tarehe ya kutoa na tarehe ya kulipa, pamoja na mwaka. Wanahistoria wa Kiislamu wamesimulia kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.) aliletewa hati ya deni la mwezi wa Shaabani, akauliza: Shaabani ipi, iliyopita, hii tuliyo nayo, au inayokuja? Na jambo hilo linatajwa miongoni mwa sababu za kuwekwa kwa hesabu ya miaka ya Hijra. Mwisho weka mashahidi wawili, na kila mmoja atie sahihi au kidole gumba. Kila upande ubaki na karatasi yake.

Tena jifunzeni kwa mama zetu wa vikundi vya akiba, vile tunavyoviita AVEC. Mpango huo wa sanduku ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini ambao wengi hawakujua kusoma, na umeenea Afrika nzima. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Halifunguliwi ila siku ya kikao, pesa inahesabiwa mbele ya macho ya wote, na anayechelewa anatozwa. Juu ya mikopo yenye nyongeza, sheria ya riba inajulikana, na kikundi cha Waislamu kipange pasipo nyongeza hiyo. Lakini utaratibu wenyewe wa kuhesabu mbele ya watu ni mzuri, na hata kamati za misikiti yetu zinauhitaji.

3. KUGAWANYA WAKATI

Allah ametupa Swala tano, na kila moja ina saa yake. Hiyo ni ratiba tayari, hatuna haja ya kununua nyingine. Baada ya Alfajiri fanya kazi iliyo nzito kuliko zote, kabla jua halijakuwa kali na kabla wageni hawajafika. Imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake. Sahaba aliyeisimulia hadithi hiyo, Sakhr al-Ghamidi, alikuwa mfanyabiashara. Alizoea kupeleka bidhaa zake mapema, akatajirika.

Adhuhuri iwe saa ya kujiuliza: nusu ya siku imekwenda, nimefanya nini? Baada ya Isha, kabla ya kulala, andika mambo matatu utakayofanya kesho. Nimesema matatu, sikusema kumi na matatu. Anayeshika mengi hashiki moja. Na ukimwahidi mtu saa nane, iwe saa nane. Kumweka mwenzako juani akikungoja ni kumla wakati wake bila idhini.

4. KUDUMU KATIKA KIDOGO

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo. Wengi wetu tunaanza mambo kwa moto mwezi wa Ramadhani, na Shawwal ikiingia tumezima. Mtu anayeweka falanga kidogo kila siku, bila kukosa, ni bora kuliko anayeweka nyingi mara moja kisha akazifuata usiku kuzitoa. Haba na haba hujaza kibaba.

JIBU KWA ANAYESEMA "KUPANGA KWA NINI?"

Najua kuna atakayesema, "Imamu, sisi ni watu wa vita. Mwaka 1996 tulikimbia tukaacha nyumba, mbuzi na mashamba. Tukaishi makambini huko Kigoma, Lugufu na Nyarugusu. Mwaka 2005 meli zilipoanza kuturudisha Baraka, wengi walikuta vichaka juu ya misingi ya nyumba zao. Mtu anapanga nini katika nchi kama hii?"

Ndugu yangu, uchungu huo ni wa kweli. Lakini kumbuka kwamba Mtume wako (S.A.W.) naye alihama mji wake akitafutwa kuuawa. Na hakuhama ovyo. Alimwacha Ali (R.A.) Makka ili arudishe amana za watu, kwa kuwa hata makafiri waliweka mali zao kwake. Alijificha siku tatu katika pango la Thawr, na aliajiri kiongozi anayejua njia, Abdullah bin Urayqit, hali hakuwa Mwislamu. Usiku wa hatari kubwa kuliko zote, kila amana ilikuwa na jina la mwenyewe. Hiyo ni hesabu ya mtu anayemtegemea Allah. Na amesema, katika hadithi iliyopokewa na Ahmad, kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, kama anaweza kuupanda, aupande.

Tena anayeweza kukimbia wakati wowote ndiye anayehitaji zaidi kuandika. Karatasi za shamba, vyeti vya watoto, orodha ya madeni: vitie katika mfuko mmoja wa plastiki unaoweza kushikwa kwa mkono mmoja. Nakala mpelekee ndugu mwaminifu anayeishi mji mwingine.

KAZI YA WIKI HII

Kabla ya Ijumaa ijayo, kila msomaji wa karatasi hii afanye haya: anunue kaye, aandike anaowadai na wanaomdai, deni moja moja, amwonyeshe mke au mume, au mtoto mkubwa, mahali kaye inapowekwa, na atenge fungu la kazi kutoka katika pato lake la kwanza. Mwenye mali na aandike wasia, kwani Mtume (S.A.W.) hakupenda Mwislamu mwenye jambo la kuusia alale siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Na tusisahau kwamba ililetwa maiti, Mtume (S.A.W.) akaambiwa ana deni, akawaambia Masahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake. Nani atachukua lako, ikiwa hakuna anayejua ni kiasi gani?

Zile nyumba mbili tuliwapatanisha kwa kugawana hasara nusu kwa nusu. Mtumbwi uliuzwa ili walipane. Watoto wa marehemu sasa wanafanya kazi katika mitumbwi ya watu, na yule mzee anaswali msikiti mwingine. Karatasi moja ya kaye ingetosha kuzuia yote hayo.

Ewe Mola wetu, tujaalie riziki ya halali, tupe akili ya kuihifadhi, tusaidie kulipa madeni yetu kabla ya kukutana nawe, na utupe amani katika nchi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.