Safisha Kivinjari cha Steshenari Kabla ya Msimu wa Maombi

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, kompyuta moja ya steshenari pale Nachingwea au Ruangwa hupitiwa na watu wengi. Huyu anajaza fomu ya Bodi ya Mikopo, yule anahakiki cheti cha kuzaliwa kwa wakala wa usajili, RITA, mwingine anaingia Ajira Portal kuomba kazi serikalini. Kikiwemo kiendelezi kibaya ndani ya kivinjari, kinawasoma wote.

Kiendelezi ni programu ndogo inayoongezwa kwenye Chrome, Edge au Firefox. Vipo vyenye manufaa. Lakini vingi huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zako zote kwenye tovuti unazofungua, nasi hukubali bila kusoma. Kwa ruhusa hiyo kinaweza kuona neno la siri unapoliandika, kupachika matangazo na kuhamisha utafutaji wako. Alama ya kufuli kwenye anwani ya tovuti haikukingi hapa, kwani kufuli hulinda data ikiwa njiani, ilhali kiendelezi kinasoma ukurasa uliokwisha kufunguka mbele yako.

Naona mlango mkubwa ni haraka ya kazi. Cheti kilichoskaniwa ni kizito, mfumo unakikataa, mteja amesimama. Mhudumu anatafuta kifaa cha bure cha kupunguza PDF, na tovuti ya kwanza inamtaka aongeze kiendelezi. Anaongeza. Mteja anaondoka na fomu yake, kiendelezi kinabaki.

Hata kilichotoka duka rasmi kinaweza kugeuka. Kiendelezi cha Chrome kiitwacho The Great Suspender kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 mwenye nacho alikiuza, na Februari 2021 Google ikakizima baada ya kukuta kina programu hasidi. Desemba 2024, mfanyakazi wa kampuni ya usalama ya Cyberhaven alinaswa kwa barua pepe ya ulaghai, na wahalifu wakatoa toleo bovu la kiendelezi cha kampuni hiyo. Viendelezi hujisasisha vyenyewe, hivyo toleo hilo liliweza kumfikia mtumiaji bila yeye kubonyeza chochote.

Ukurasa wa mwanzo ukibadilika wenyewe, matangazo yakizuka kila mahali au bando likiisha upesi kuliko kawaida, kagua. Lakini usingoje dalili, maana kinachoiba maneno ya siri hupenda kukaa kimya.

Kwenye Chrome, andika chrome://extensions katika sehemu ya anwani. Edge ni edge://extensions, na Firefox ni about:addons. Pitia kimoja kimoja. Usichokijua au usichokitumia, bonyeza Remove, au Ondoa kama kivinjari kiko kwa Kiswahili. Kukizima tu hakutoshi. Kisha rudisha mipangilio ya kivinjari ya mwanzo.

Kikikataa kutoka, au kivinjari kikidai kinasimamiwa na shirika wakati kompyuta ni yako binafsi, huenda kuna programu ndani ya Windows inayokirudisha. Tafuta programu ngeni katika orodha ya zilizosakinishwa, iondoe, kisha ikague kompyuta nzima kwa Microsoft Defender, ambayo huja na Windows 10 na 11. Angalia pia akaunti ya Google iliyounganishwa na kivinjari: usawazishaji ukiwa umewashwa, kiendelezi kile kile kinaweza kukufuata hadi kompyuta ya nyumbani.

Hapo bado hujamaliza. Badilisha maneno ya siri ukitumia kifaa kingine kilicho salama, uanze na barua pepe, kwa sababu humo ndimo akaunti nyingine hurejeshewa. Toka kwenye vifaa vyote vilivyounganishwa na akaunti, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili.

Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi. Matangazo yakikusumbua huko, kagua programu ulizoweka na tovuti ulizoziruhusu kukutumia arifa.

Wenye steshenari, na makarani wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya mazao, wanaofungua orodha za wakulima zenye namba za akaunti za benki, wana wajibu mkubwa zaidi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Kagueni viendelezi kila wiki, na mteja asipewe akaunti yenye mamlaka ya kusakinisha programu. Nawe mteja, kabla hujaandika neno lako la siri, mwombe mhudumu akufungulie ukurasa wa viendelezi uuone.