Muziki Wetu Ulitoka Wapi, na Ni wa Nani?

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Methali hii tunaiandika katika insha zetu kila muhula, tena inatupatia alama, lakini ukiuliza darasani ni mila gani hasa tuliyoiacha, utaona watu wanaangalia dari.

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilijadili mada hii: "Kenya haina muziki wake." Upande wa kuunga mkono ulishangiliwa sana. Walisema Watanzania wana Bongo Fleva, Wakongo wana rumba, Wajamaika wana rege, na sisi je? Sisi tunaiga tu. Nilikuwa upande wa kupinga na muda uliisha kabla sijamaliza hoja zangu. Basi nimezikusanya hapa, pamoja na nyingine nilizozipata baada ya kuuliza wazee na kusoma. Ninalotaka kuonyesha ni moja tu: kuazima ala si kuazima muziki. Muziki wetu ulihama kutoka ala za jadi hadi kwenye gitaa, lakini ulihama na mwendo wake.

ALA ZA JADI

Tuanze na nyatiti ya Wajaluo. Ni ala ya nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, akazichomoa nyuzi kwa vidole vya mikono miwili. Kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, na kwa pete hiyo hugonga ukingo wa ala. Mguuni huvaa njuga. Wakati huo huo anaimba. Hesabu mwenyewe: sauti, nyuzi, ngoma na njuga, vyote kwa mtu mmoja! Zamani mwanamke hakuruhusiwa kuipiga. Lakini katika miaka ya 2000 msichana wa Kijapani, Eriko Mukoyama, alikwenda Siaya akafundishwa, na leo anajulikana kwa jina la Anyango. Mjapani kasafiri nusu ya dunia kuifuata nyatiti, na wengi wetu hapa Nairobi hatujawahi hata kuigusa.

Wajaluo pia wana orutu, zeze la uzi mmoja. Wabukusu wana litungu. Pwani kuna ngoma za Wamijikenda, na taarabu ya Mombasa na Lamu ambayo ilichanganya mashairi ya Kiswahili na ala za Waarabu na Wahindi. Wakikuyu nao walichukua kodiani ya Wazungu, wakaiongezea mlio wa karing'aring'a, yaani pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti, wakapata mwomboko. Waulize wazee wa Dagoretti, watakuonyesha hatua zake: mbili mbele, kisha kuinama kidogo. Kodiani ilikuwa ya Mzungu, lakini nani leo atasema mwomboko ni ngoma ya Mzungu?

GITAA LAINGIA

Gitaa lilienea sana baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vya 1939 hadi 1945. Vijana wa Kenya walipelekwa mbali, hata Burma, na baadhi yao walirudi wakijua kulipiga. Mmoja wa wanamuziki waliokuwa jeshini ni Fundi Konde, mzaliwa wa Pwani wa mwaka 1924, aliyekuwa katika kikundi cha kuwatumbuiza askari. Yeye ndiye aliyetupa wimbo wa Tausi. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaja Nairobi mabingwa wawili kutoka Katanga, Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo. Vijana wa hapa waliwasikiliza na kuwaangalia vidole.

Je, huku si kuiga? Ngoja kwanza. Upande wa Magharibi, Waluhya waliligeuza gitaa hilo hilo. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, alilipiga kwa mtindo uitwao omutibo, kidole gumba kikishika mwendo wa chini na kidole cha shahada kikiimba juu. Mwenzake humsaidia kwa chupa ya Fanta.

Chupa ya nini? Hata mimi niliuliza hivyo. Babu yangu mzaa mama, ambaye nyumbani tunamwita kuka, anaishi nasi Kangemi. Jumapili moja alinionyesha. Alichukua chupa ya zamani ya Fanta, ile ya kioo yenye matuta, akayakwaruza kwa msumari: kwara-kwara-kwa, kwara-kwara-kwa. Watoto wa ploti nzima walikuja mbio. "Kuka, hii ulifundishwa wapi?" nikamwuliza. Akasema, "Kufundishwa na nani? Kwetu kulikuwa na kayamba na manyanga. Chupa ilikuja, ikafanya kazi ile ile."

Ndugu msomaji, hilo jibu la kuka ndilo somo lote.

BENGA YAZALIWA

Sasa turudi kwa nyatiti. Vijana wa Kijaluo waliposhika gitaa la umeme katika miaka ya 1960, masikio yao yalikuwa tayari yamelelewa na nyatiti. Basi gitaa la solo likachukua kazi ya nyuzi za juu, likichomoa sauti moja moja upesi upesi. Besi ikachukua nyuzi za chini. Ngoma ya mguu ikachukua kazi ya ile pete ya chuma. Mwimbaji anaimba ubeti, kisha anaachia magitaa yazungumze, na hapo ndipo wachezaji huinuka. Huo ndio muziki wa benga.

Jina kubwa hapa ni D. O. Misiani wa Shirati Jazz, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, aliyefanya kazi yake Kenya mpaka akafariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006. Benga haikubaki Nyanza. Wakikuyu waliimba benga yao, Wakamba yao, Wakalenjin yao, kila watu kwa lugha yao.

Tena si sisi peke yetu tuliofanya hivyo. Wafilipino walitawaliwa na Wahispania kwa zaidi ya miaka 300. Wakachukua gitaa la watawala wao, wakalitumia kuimba nyimbo zao za mapenzi ziitwazo kundiman, kwa lugha yao. Hakuna anayewaambia kwamba hawana muziki.

NAIROBI, MJI WA WOTE

Nyimbo hizi zilikuja kukutana Nairobi kwa sababu studio na viwanda vya santuri vilikuwa huku. Ukishuka kwenye matatu mjini na kuvuka Tom Mboya Street kuteremka River Road, unapita mahali ambapo watayarishaji walikuwa na maduka mlango kwa mlango katika miaka ya 1970. Msanii alitoka kijijini na gitaa asubuhi, akarekodi, akarudi nyumbani.

Wageni nao walikuja. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walileta Simba Wanyika. Kutoka Kongo walikuja Super Mazembe, na Samba Mapangala wa Orchestra Virunga. Waliimba kwa Kiswahili ili mji mzima uelewe, na Sina Makosa ya Les Wanyika bado inapigwa katika harusi, hata DJ akiwa ni kijana. Gabriel Omolo naye alitunga Lunch Time, kuhusu wafanyakazi wa mjini saa ya chakula cha mchana: mwenye pesa anakula, asiye nazo anatafuta pa kulala. Pita katika bustani ya Jeevanjee saa saba mchana uone kama wimbo huo umezeeka.

Lakini hata wakati huo muziki wetu ulilalamikiwa kuwa hausikiki redioni. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa ipige nyimbo za Kenya kwa asilimia 75. Agizo hilo halikudumu. Kwa hivyo mjadala wetu wa darasani una miaka mingi kuliko umri wetu!

WIMBO NI WA NANI?

Hapa ndipo pana uchungu. Kila mtu anaujua wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akauimba, na Boney M nao wakauimba. Lakini mtunzi ni nani? Fadhili alisema ni yeye. Adam Salim wa Tanzania naye alisema ni yeye. Ugomvi huo haukuisha mpaka leo, kwa sababu wimbo ulipotungwa hakuna aliyeandika.

Jambo hili limefika hata nyumbani kwetu. Kuka alirekodi nyimbo mbili mjini mwaka 1974. Alilipwa mara moja tu, akapewa karatasi ya Kiingereza atie kidole gumba. Santuri ilipotoka, jina lililoandikwa juu yake halikuwa lake. Nilimwuliza kwa nini hakushtaki. Akacheka kidogo akasema, "Mjukuu wangu, nishtaki kwa karatasi gani? Ile niliyotia kidole?" Santuri anayo mpaka leo, imefungwa katika gazeti. Hatuna hata mashine ya kuipigia.

Siku hizi kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini sheria humsaidia mwenye ushahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

NA SASA JE?

Muziki wetu haujalala. Mwaka 1997 Kalamashaka wa Dandora walitoa Tafsiri Hii, rap ya Kiswahili na Sheng. Baadaye ikaja genge, kisha gengetone. Ohangla ya Wajaluo imechukua kinanda cha umeme. Katika mugithi, mtu mmoja hushika gitaa akaimba usiku kucha, na wachezaji hushikana mabega kama mabehewa ya garimoshi. Mtu mmoja, bendi nzima! Je, hilo halikukumbushi ala fulani?

TUFANYE NINI?

Wanachama wenzangu, kazi hii haihitaji pesa nyingi. Kwanza, tafuta mzee mmoja anayejua wimbo au ala. Pili, mrekodi kwa simu, kwa ruhusa yake. Tatu, andika katika daftari: jina lake, la mtunzi, mwaka, mahali, lugha, ala, na waliomsaidia. Nne, mpe nakala. Mimi nimeanza na kuka. Alinipigia nyimbo zake zote mbili kwa gitaa la kuazima, na mimi nilishika chupa ya Fanta. Nimeandika jina lake kamili katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na alipoliona aliniambia nilisome tena kwa sauti.

MASWALI YA KUJADILI

1. Linganisha kazi ya pete ya chuma katika nyatiti na kazi ya ngoma ya mguu katika benga.
2. "Kuazima ala si kuazima muziki." Eleza ukitumia mifano miwili kutoka jamii yako.
3. Kwa nini wanamuziki wengi wa Nairobi katika miaka ya 1970 waliimba kwa Kiswahili?
4. Taja wimbo mmoja unaoimbwa nyumbani kwenu. Nani aliutunga? Kama hujui, nani nyumbani anaweza kukuambia, na utamwuliza lini?