Saa ya Kijana: Kazi, Sala na Michezo

Kila mtu amepewa na Mungu saa 24 kwa siku. Tajiri hakuzidishiwa, wala maskini hakupunguziwa. Nahodha na mtoto wa shule, padre na mvuvi, wote wamepimiwa kwa kibaba kimoja. Katika saa hizo twalala, twala, twasoma na kufanya kazi. Lakini jioni hubaki saa moja au mbili ambazo hapana mtu atakayemwuliza kijana, "Umezifanyia nini?" Habari ya saa hizo ndiyo somo letu.

Tumfikirie kijana wa darasa la juu akaaye Kikole, katika pwani ya Kilwa. Asubuhi amechota maji, kisha amekwenda shule. Mchana amemsaidia mamaye kupalilia mihogo. Hata saa kumi jua limepoa, maji yamekupwa, naye ameketi peke yake chini ya mwembe. Moyoni mwake mna maswali mengi. Atakuwa mtu gani akiisha kukua? Kwa nini babu yake alikufa, na watu wote walimwombea? Je, Mungu hupendezwa na mtoto achezaye mpira, au hupendezwa na yule aimbaye kanisani tu? Rafiki yake huenda msikitini siku ya Ijumaa, naye huenda kanisani siku ya Jumapili. Wafanyeje ili urafiki wao udumu?

Mtu mzima akiyasikia mawazo hayo huenda akacheka. Lakini si mawazo ya kuchekwa. Mtu huanza kujengwa katika mawazo kama hayo, wala si darasani peke yake.

1. Bei ya saa moja

Watu wengi hudhani ya kuwa saa ya faragha ni kitu kidogo. Pwani ya Kilwa yatufundisha vingine. Zamani misafara ilishuka kutoka nchi za Ziwa Nyasa mpaka pwani hii, nayo ilileta pembe za ndovu na watu. Watu hao walitembea siku nyingi, wengine wana kongwa shingoni, nao walipofika pwani walipakiwa majahazini na kupelekwa Unguja na nchi za mbali. Wengi walikuwa watoto wa umri wako wewe usomaye.

Basi fikiri habari ya mtumwa. Alikuwa na mikono, lakini kazi ya mikono yake ilikuwa ya mwingine. Alikuwa na siku, lakini siku yake ilikuwa ya mwingine. Hakuwa na saa hata moja ambayo aweza kusema, "Hii ni yangu." Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa na kukataza watumwa wasisafirishwe baharini. Hata hivyo utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Katika Tanganyika sheria ya kuukomesha kabisa ilitoka mwaka 1922. Kwa hiyo saa yako ya jioni, unayoitupa kwa kupiga miayo, ni kitu ambacho watu wengi waliopita njia hizi walikitamani wasikipate.

Uhuru si kukaa bila kazi. Mtu huru hufanya kazi, tena kwa bidii. Lakini mtu huru ana saa ambayo yeye mwenyewe atamjibu Mungu kwa ajili yake.

2. Vijana wa Kiungani waliandika

Mwaka 1864 Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu alipewa na Sultani Majid wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao walikuwa wanafunzi wa kwanza wa Misheni hiyo katika Unguja. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Baadaye wavulana wengi walikusanywa katika chuo cha Kiungani, karibu na mji wa Unguja. Walitoka kabila nyingi: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine. Wengi hawakuwa na baba wala mama wa kuwauliza habari za kwao; walikuwa na kumbukumbu tu.

Mwalimu wao mmoja, A. C. Madan, aliwapa wavulana kazi ya kuandika kwa Kiswahili habari za maisha yao: nyumbani kwao palikuwaje, walikamatwaje, walipita wapi, walifikaje pwani. Kisha akazifasiri kwa Kiingereza, zikachapwa kuwa kitabu mwaka 1887. Angalia jambo hili. Wavulana hao walikuwa wamenyang'anywa kila kitu, lakini habari zao hazikunyang'anywa, kwa sababu waliziandika. Aliyewateka alitaka wawe bidhaa isiyo na jina wala kwao. Kalamu iliwarudishia kwao.

Mwaka wa pili yake, yaani 1888, palianzishwa Kiungani jarida la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Ni katika majarida ya kwanza kabisa ya lugha yetu. Ndani yake mlikuwa na habari za vituo vya Misheni, za Unguja na za bara: nani amefika, nani amesafiri, nani amefariki, mvua imekuwaje, na michezo imekwendaje. Habari za kanisa na habari za mchezo zilikaa katika jarida moja, wala hapana aliyeona aibu.

Vijana waliosoma Kiungani hawakuwa watu wadogo. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa katika utoto wake, alipewa upadre mwaka 1890, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza katika Misheni hiyo kuupata. Alifanya kazi miaka mingi Chitangali, katika nchi ya nyuma ya Lindi. Yohana Abdallah, Myao mwingine, alikuwa padre, tena aliandika kwa lugha yake kitabu cha mila na historia ya Wayao, Chiikala cha Wayao, kilichochapwa mwaka 1919. Kazi kubwa kama hiyo huanza kidogo kidogo: kwanza mtu husikiliza wazee, kisha huuliza, kisha huandika.

3. Je, kucheza ni dhambi?

Wako watu wasemao ya kuwa Mkristo wa kweli hachezi. Wako wengine wasemao ya kuwa kanisa ni la Jumapili na mchezo ni wa siku nyingine, wala hayo mawili hayakutani. Wote wawili wamekosea.

Wanafunzi wa Kiungani walisali kila siku, tena walicheza mpira na kriketi. Maana mchezo una mafundisho yake. Mchezaji hujifunza kutii sheria hata mwamuzi akiwa mbali. Hujifunza kumpa mwenzake mpira, ijapokuwa yeye mwenyewe angependa kufunga. Hujifunza kushindwa bila chuki na kushinda bila majivuno. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote. Mtu asiyeweza kushindwa katika bao, atawezaje kushindwa katika baraza la wazee na kurudi nyumbani kwa amani?

Lakini mchezo una mipaka mitatu. Kwanza, usile saa ya kazi. Kijana achezaye huku mamaye atwanga peke yake na ndoo iko tupu, mchezo wake ni wizi, maana ameziiba nguvu za mamaye. Pili, usiwe kamari. Achezaye kwa fedha hutamani kilicho mkononi mwa mwenzake, na mwisho wake ni ugomvi. Tatu, usimwumize aliye dhaifu. Mchezo wa kumcheka kilema au kumpiga mdogo si mchezo.

Ukitaka kujua kama mchezo wako ni mwema, jiulize hivi: Je, naweza kutoka hapa na kwenda moja kwa moja kusali, bila kwanza kumwomba mtu radhi? Ukiweza, umecheza vema.

4. Kutazama kwa makini

Si kila kijana apendaye mpira. Mwingine hupenda kutazama ndege, mwingine kusuka mikeka au ukili, mwingine kuchonga vingalawa vidogo, mwingine kuokota simbi pwani. Kazi hizo za mapenzi ni njema pia, maana humfundisha mtu kutazama.

Mwaka 1944, wakati wa vita kuu ya pili, askari mmoja wa Australia alikuwa katika Visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi ile. Akaokota mchangani sarafu tisa, akaziweka. Zilikaa miaka mingi bila kujulikana thamani yake. Hata mwaka 1979 zilipopelekwa kwa wenye maarifa, ilionekana ya kuwa tano katika hizo ni sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, zilizopigwa karne nyingi kabla. Zilifikaje huko, mbali namna ile ng'ambo ya Bahari ya Hindi? Watu wa elimu wameliuliza swali hilo, wala hapana jibu moja lililokubaliwa na wote. Kama askari yule angalizitupa, swali lenyewe lisingekuwapo.

Wewe ukaaye katika pwani ya Kilwa wakanyaga nchi ile ile iliyotoa sarafu zile. Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko, alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji wake. Na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yametiwa tangu mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia. Basi ukiona kigae cha kale au sarafu, usikiuze wala usikivunje. Kiache mahali pake, mwambie mwalimu wako au mlinzi wa mambo ya kale. Aliyeokota kwa siri amejipatia kipande cha shaba. Aliyeonyesha amewapa watu wote habari.

5. Jirani yako

Katika pwani hii jirani wengi ni Waislamu, na Wakristo si wengi. Kijana wa kanisa asione haya kwa imani yake, wala asiivae kama ngao ya kuwapigia wengine. Adhana ikilia, asipige kelele. Mwezi wa Ramadhani asile machungwa mbele ya rafiki yake afungaye. Akialikwa Idi, aende kwa adabu. Naye siku ya Krismasi awakaribishe wenzake. Kukiwa na msiba, asiulize kwanza marehemu alisali wapi. Achukue jembe, aende pamoja na watu makaburini.

Kufanya hivyo si kuipunguza imani. Jirani hataisoma Biblia yako. Ataisoma tabia yako, tena kila siku, wala hatakosa hata ukurasa mmoja.

6. Daftari ya jioni

Tumrudie kijana wetu na maswali yake. Afanye nini? Ajipatie daftari ndogo, na kila jioni aandike mistari michache. Aandike jambo moja aliloliona: ndege, mawimbi, neno la mzee. Aandike jambo moja alilolifanya vema, na moja alilolifanya vibaya. Kisha aandike swali moja.

Swali la babu yake aliyekufa ni swali kubwa, nalo asiogope kuliandika. Katika Zaburi mna watu waliomwuliza Mungu maswali mazito kwa machozi, wala hawakukemewa. Maneno yao yaliwekwa katika Kitabu ili sisi tuyatumie. Mtoto ambaye huficha swali lake kwa hofu hukua nalo kama mwiba uliobaki mguuni: nje ngozi imefunga, ndani panauma. Basi alipeleke kwa babaye, kwa mwalimu au kwa padre. Nao wakubwa wasimdanganye kwa jibu jepesi. Kama hawalijui jibu, wakae naye, wamwambie, "Sisi pia tulimpenda." Maneno hayo ni kweli, na kweli hufariji.

Kisha afunge daftari, asali kwa kifupi, alale. Baada ya mwaka mmoja aisome tena. Ataona maswali mengine yamejibiwa yenyewe, mengine yamekua pamoja naye. Tena ataona ya kuwa saa zile za jioni hazikupotea. Zilikuwa zake, naye alizitumia kama mtu huru.

MASWALI

1. Mwandishi asema mtumwa hakuwa na saa yake mwenyewe. Eleza maana yake kwa maneno yako.
2. Utumwa uliisha lini kwa sheria katika Tanganyika? Ni miaka mingapi baada ya soko la Unguja kufungwa?
3. Kwa nini habari walizoandika vijana wa Kiungani zilikuwa na thamani kwao wenyewe?
4. Taja mipaka mitatu ya mchezo. Je, wewe ungeongeza wa nne?
5. Waulize wazee wawili wa kijiji chenu: walicheza michezo gani walipokuwa watoto? Andika majibu yao kwa mistari kumi, na majina ya michezo yaandike kama walivyoyataja.