Ombi au Dai? Lugha ya Kutafuta Habari za Serikali ya Kaunti kwa Kuzingatia Mkaazi wa Banissa

Utangulizi

Neno baraza limesafiri mbali. Katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, baraza kwa asili ni kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, mahali ambapo mwenyeji humpokea mgeni na habari husikika na kila apitaye njia. Kutoka hapo neno likapanda cheo: likawa mkutano wa chifu, likawa baraza la mji na baraza la wilaya, likafika hata kwenye Baraza la Mawaziri. Kadiri neno lilivyopanda ndivyo milango ilivyofungwa. Kilichokuwa kiti cha nje kikawa chumba cha ndani, na mpita njia akawa hana budi kuandika barua ili ajue kilichosemwa humo.

Makala haya yanaichunguza barua hiyo. Swali letu ni la kilughawiya: je, Kiswahili tunachowafunza wanafunzi kuandikia barua rasmi kinamfaa raia anayetaka kuona hati zilizo mikononi mwa serikali ya kaunti yake? Tumechagua mfano wa Banissa, eneo bunge lililo magharibi mwa Kaunti ya Mandera, mpakani na Ethiopia, lenye wadi tano: Banissa, Derkhale, Guba, Malkamari na Kiliwehiri. Huko Kiswahili si lugha ya mama. Wakaazi huzungumza Kisomali na, miongoni mwa Wagarre wengi, lugha iliyo jamaa ya Kiborana. Makao makuu ya kaunti yako Mandera mjini, pembe ya pili kabisa. Aidha, baada ya mbunge wa eneo hilo kufariki Machi 2023, kiti chake kilikaa wazi hadi uchaguzi mdogo wa tarehe 27 Novemba 2025, kwa kuwa kwa muda mrefu tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, mkaazi wa Banissa hakuwa na sauti Bungeni ya kumuulizia. Asiye na wa kumuulizia sharti aulize mwenyewe.

Sheria na Lugha Yake

Kabla ya Machi 2013, eneo hili lilikuwa chini ya baraza la wilaya lililoundwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Katika enzi hiyo, ofisa wa umma aliishi kwa kuiogopa Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187, na kwake kunyamaza ilikuwa ndiyo salama. Katiba ya 2010 iligeuza mambo. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na dola. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikairudia haki hiyo kwa upande wa kaunti, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, Nambari 31, ikaweka utaratibu.

Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kukisoma kwa makini kifungu cha 8 cha sheria hii ya mwisho. Kinasema kwamba maombi yaandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kwamba mwombaji atoe maelezo ya kutosha ili ofisa afahamu ni habari gani inayotakiwa. Asiyeweza kuandika kwa sababu hajui kusoma, au kwa sababu ya ulemavu, husaidiwa na ofisa, ambaye huyatia maneno yake katika maandishi na kumpa nakala. Jibu hutakiwa katika siku 21. Na iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Sababu ya kutaka habari haiathiri haki ya kuipata.

Basi Kiswahili kimetajwa kwa jina, lakini je, sisi wenyewe tumekiandaa?

Kuomba na Kudai

Tukifuata nadharia ya vitendo vya usemi, iliyoasisiwa na J. L. Austin na kuendelezwa na John Searle katika miaka ya 1960, kila tamko hutenda jambo, na hufaulu iwapo masharti yake yametimia. Anayeomba hukubali tangu mwanzo kwamba anayeombwa ana uhuru wa kukataa. Anayedai husimama juu ya wajibu wa mwenzake: kuna deni, na deni hulipwa.

Katika Kiswahili tofauti hii ni nzito kuliko tunavyodhani. Kuomba ni neno la dua, la msamaha, na la kando ya barabara. Ndilo lililotuzalia ombaomba. Ni kweli kwamba maombi ya kazi hayamfanyi mtu kuwa maskini, lakini hata huko mwajiri ana hiari. Kudai nako kuna kasoro yake. Mdai ni mwenye haki ya kulipwa, ila madai, kama tunavyoyasikia katika habari za redio kila siku, yamekuwa tuhuma ambazo hazijathibitishwa. Raia akiandika “madai yangu”, ofisa huweza kusoma “shutuma zangu”, akafunga faili.

Kwa maoni yetu, neno ombi lisifukuzwe. Sheria yenyewe huzungumza juu ya maombi, na kichwa cha barua kinaweza kulibeba bila madhara. Hatari iko katika mwili wa barua. Tazama mfano huu wa kutunga, ambao mwalimu yeyote wa shule ya upili angeupa alama nzuri:

“Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima naomba unisaidie kwa habari kuhusu shida ya maji katika eneo letu, maana watu wetu wanateseka sana. Nitashukuru mno ombi langu likikubaliwa.”

Sarufi haina dosari, na adabu imo. Lakini barua hii haijaomba kitu. “Shida ya maji” haina mpaka wa mahali wala wa wakati. “Unisaidie” imeligeuza jambo la haki kuwa hisani ya mtu mmoja. Kishazi “maana watu wetu wanateseka” kimetoa sababu ambayo sheria haikuitaka, na kimempa ofisa njia rahisi ya kujibu: atajibu mateso, si swali. Atasema kwamba serikali inafahamu shida hiyo na inaishughulikia. Nakiri kwamba nilipokuwa nikifundisha, niliandikisha wanafunzi barua za namna hii mwaka baada ya mwaka.

Sasa tulinganishe na ya pili, nayo ni ya kutunga. Haimaanishi kwamba kazi itajwayo ilifanywa wala haikufanywa:

“Kwa kutumia haki yangu chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, nataka nipewe nakala za hati zifuatazo kuhusu mabwawa ya maji yaliyochimbwa au kukarabatiwa katika wadi ya Malkamari katika mwaka wa fedha wa 2023/2024: mkataba wa kila kazi, cheti cha kukamilika kwake, na rekodi ya malipo kwa mwanakandarasi. Iwapo hati mojawapo haipo, nijulishwe hivyo kwa maandishi. Nitazipokea nakala hizo katika ofisi ya msimamizi wa kaunti ndogo, Banissa.”

Kauli ya kutendwa ndiyo iliyofanya kazi kubwa hapa. “Nipewe” na “nijulishwe” hazimtaji mtendaji. Mzigo umeiangukia ofisi, si huruma ya mtu. Habari imepewa umbo la hati, na hati huhesabika. Hili la mwisho lina uzito wa pekee katika Kiswahili, kwa kuwa habari ni salamu pia. Anayeuliza habari za bwawa huweza kujibiwa kuwa ni nzuri, na mazungumzo yakaishia hapo. Watanzania wamependelea neno taarifa katika mjadala wa sheria yao ya 2016, na nadhani wametushinda katika hili.

Sahan na Maswali Yake

Itasemwa kwamba barua ya pili ni kavu, tena ni ya kizungu, na kwamba mfugaji wa Banissa hasemi hivyo. Pingamizi hili linastahili kujibiwa, kwa maana ukweli uko kinyume chake.

Msomali anapokutana na mwenzake humwambia iska warran, yaani, jieleze habari zako. Neno war katika Kisomali ni habari. Na neno linaloandikwa vivyo hivyo hutaja pia bwawa la kuchimbwa. Hatudai kwamba maneno haya mawili yana asili moja, ila katika nchi kavu ni vigumu kuyatenganisha: habari inayotafutwa kwanza ni ya maji. Kabla ya kuhamisha mifugo, wazee hutuma sahan, yaani wapelelezi wa malisho. Arudipo mpelelezi haulizwi kama hali ni nzuri. Huulizwa: ni wapi hasa? Maji ni ya kiasi gani? Nani amekwisha kufika na mifugo yake? Majani ni ya aina gani? Uliona kwa macho yako au uliambiwa? Jibu la jumla katika mambo hayo huua ng'ombe. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilipoharibika katika Pembe ya Afrika, maswali hayo yalikuwa ya uhai na mauti.

Barua ya pili, basi, ndiyo iliyo karibu zaidi na namna mfugaji anavyouliza. Barua ya kwanza ndiyo ya kigeni: imetoka katika vitabu vyetu vya kiada, na vitabu vyetu viliirithi katika ofisi ya mkoloni, ambako Mwafrika aliandika kwa kunyenyekea.

Adabu haipotei kwa hilo. Mahali ambapo ofisa huenda akawa ami wa mwombaji, heshima ya salamu na ya hitimisho itabaki, na isipobaki barua haitasomwa. Tunachosema ni kwamba heshima ikae mlangoni, isiingie katika orodha ya hati.

Kuandikiwa, Kimya na Uraia

Suala la mzee asiyejua kuandika ni gumu zaidi. Anasema kwa Kisomali au kwa lugha yake nyingine. Ofisa anaandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Hapo pana tafsiri, na mfasiri ndiye anayeombwa habari. Mzee akisema “lile bwawa la chini ya kilima, lililochimbwa baada ya ukame, fedha zake ziliishia wapi?”, ofisa anaweza kuandika “maswali kuhusu miradi ya maji”, wala hajasema uongo. Amefuta mahali, wakati na fedha kwa mkupuo mmoja. Ndiyo sababu nakala ambayo sheria inamtaka ofisa ampe mwombaji ni muhimu kuliko inavyoonekana.

Kisha kuna kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sheria ya 2016 imekipa kimya maana mahususi. Muda ukipita bila jibu, ombi huhesabiwa kuwa limekataliwa, na mwombaji ana siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kunyamaza kumekuwa tendo la usemi lenye tarehe. Asiyeiandika tarehe ya kufikisha barua yake hana pa kuanzia kuhesabu. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliiamuru serikali itoe habari kuhusu reli ya kisasa. Walioshtaki walikuwa wameanza kwa barua iliyotaja walichotaka: mikataba na tafiti za reli hiyo.

Mwisho, Katiba husema raia, na mpakani neno hilo si jepesi. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti hizi walipitishwa katika mchujo wa ziada kabla ya kupewa vitambulisho, hadi Rais William Ruto alipotangaza akiwa Wajir, Februari 2025, kwamba mchujo huo ukomeshwe. Kijana aliyesubiri kitambulisho kwa miaka hutia saini barua yake kwa mkono wa kusitasita, na huko ndiko “naomba unisaidie” kunakotoka. Si katika vitabu tu.

Idara zetu hufundisha uandishi wa barua rasmi kila mwaka. Ningependa kuona, katika somo hilo, mwanafunzi mmoja akiwa mzee wa Malkamari, mwingine akiwa ofisa mwenye kalamu, na nakala ikisomwa kwa sauti mbele ya mzee aseme kama ndivyo alivyouliza.