Dhambi na Toba Katika Dini ya Kiyahudi

Hapa Ujiji, mji wa misikiti ambao wamisionari wa Kikristo nao waliufikia mnamo 1878 na 1879, mazungumzo ya dini hayaishi barazani. Na kila yanapofika kwenye jambo la dhambi huulizwa swali hili: Wayahudi hawana hekalu tena wala hawachinji kafara, je, wao husamehewa kwa njia gani? Wengine hujibu upesi kwamba hawasamehewi. Lakini mwenye kutafuta haki yampasa kwanza amsikilize mwenye dini anasema nini juu ya dini yake mwenyewe.

Tuanze na maneno. Neno la Kiebrania litumikalo zaidi kwa dhambi ni "het". Kitenzi chake kimetumiwa katika Waamuzi 20:16 kwa watu waliotupa mawe kwa teo bila kukosa shabaha, hata kama shabaha ni unywele. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu, kwani kwetu pia mtu hukosa shabaha na mtu hufanya kosa, na neno letu "hatia", lililotujia kutoka Kiarabu, ni la ukoo mmoja na hilo la Kiebrania. Yako maneno mengine mawili, "avon" la upotovu na "pesha" la uasi wa makusudi, lakini mzizi wa fikira ni ule ule: mtu alikuwa na njia, akaiacha.

Kwa hiyo toba kwao huitwa "teshuva", yaani kurudi. Toba ya Waislamu nayo, katika Kiarabu, maana yake ni kurudi.

Hapa ndipo Wayahudi wanapoachana na mafundisho ya Kikristo juu ya dhambi ya asili. Kwao, mtoto hazaliwi na hatia ya Adamu. Mtu ana mvuto wa kutenda mema na mvuto wa kutenda mabaya, naye amepewa uwezo wa kuchagua. Nabii Ezekieli (sura ya 18) amefundisha waziwazi kwamba mwana hauchukui uovu wa babaye, na kwamba mwovu akiuacha uovu wake ataishi.

Basi kafara zilikuwa za nini? Ni kweli kwamba Taurati iliamuru dhabihu, na katika Mambo ya Walawi 16 tunasoma habari za mbuzi wawili wa Siku ya Upatanisho. Lakini hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70, na dini haikufa. Mapokeo yao yanasimulia kwamba mwanachuoni Yohanan ben Zakkai alimtuliza mwenzake aliyekuwa akiyalilia magofu, akamkumbusha kwamba ipo kafara nyingine iliyo sawa na ile, nayo ni matendo ya huruma. Akaitegemeza kauli yake juu ya Hosea 6:6.

Siku ya Upatanisho, Yom Kippur, yaani tarehe kumi ya mwezi wa Tishri, ingali inafungwa kwa saa zipatazo 25 bila chakula wala maji. Wanaoifunga si watu wa ng'ambo tu. Karibu na Mbale nchini Uganda wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari wa Baganda. Wakati wa Idi Amin ibada zao zilipigwa marufuku, nao waliobaki wakasali kwa siri.

Alasiri ya siku hiyo husomwa sinagogi kitabu cha Yona, ndiye Nabii Yunus a.s. Sisi watu wa ziwani hukimbilia habari za samaki, lakini kiini cha kisa ni mji wa Ninawi. Watu wale hawakuwa Wayahudi, hawakuchinja mnyama, wala hakuna aliyekufa kwa ajili yao, walirudi wakasamehewa. Kurani Tukufu nayo inautaja mji huo kuwa ulinufaika kwa imani yake (10:98). Na wanazuoni wa Kiyahudi waliona katika kisa hicho jambo ambalo wengi tunalipita: kilichotazamwa na Mungu si magunia waliyovaa wala saumu yao, bali matendo yao. Waliacha dhuluma. Mwanachuoni mmoja wa kale alieleza kwamba mtu wa Ninawi aliyekuwa ameiba boriti na kuijengea jumba, alilibomoa jumba zima ili airudishe.

Hapa tumefika penye uzito wa jambo lenyewe. Mishna, mkusanyo wa sheria zao uliokamilika yapata mwaka 200, inafundisha kwamba Siku ya Upatanisho huondoa makosa yaliyo baina ya mtu na Mungu. Ama yaliyo baina ya mtu na mwenziwe hayaondoki mpaka amridhishe mwenziwe. Tuseme mfanyabiashara wa dagaa hapa mwaloni ana kisado kilichobonyezwa chini, na kwa miaka miwili amewapunja wanawake wanaonunua kwake. Anaweza kufunga, kulia na kusali usiku kucha. Kwa sheria hiyo, wale wanawake bado wanamdai. Taurati yenyewe iliagiza hivyo tangu zamani: aliyedhulumu aungame, arudishe mali yote, na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:6-7). Hata hekalu lilipokuwa limesimama, ilimpasa mdhulumu alipe kwanza, ndipo amlete kondoo wake.

Nalikazia hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mtu akishabadili dini, madeni yake ya zamani yamezama ziwani. Waislamu tuna jina la madeni hayo: haki za waja.

Hata hivyo, walimu wa Kiyahudi hawakutaka mlango uwe mwembamba mno. Juu ya boriti ile ya wizi, shule ya Shammai ilishikilia kwamba jengo libomolewe. Shule ya Hillel ikasema mwizi alipe thamani yake tu, ili wanaotaka kutubu wasikatishwe tamaa. Ndiyo iliyofuatwa. Kwa maoni yangu walifanya vema. Mtu aliyepigilia ubao wa wizi katika mtumbwi wake, akiambiwa lazima aupasue mtumbwi wote ndipo toba yake ikubaliwe, huenda akaendelea kuvua na kunyamaza.

Aliyezipanga sheria hizi kwa utaratibu ni Musa bin Maimun, ajulikanaye Ulaya kwa jina la Maimonides, aliyefariki Misri mwaka 1204. Kwake toba ni kuiacha dhambi, kujuta, kuungama kwa ulimi na kuazimia kutorudia. Na toba kamili hujulikana pale mtu anapokutana tena na nafasi ile ile, nguvu zake zikiwa bado anazo, naye akajizuia. Aliyemkosea mwenziwe amwendee amwombe radhi. Akikataliwa, arudi na watu watatu, hata mara tatu. Baada ya hapo aliyekataa kusamehe ndiye mwenye dhambi.

Na kama aliyedhulumiwa ameshakufa? Mkosaji huchukua watu kumi, huenda nao mpaka kaburini, akaungama mbele yao kosa alilomtendea marehemu. Ikiwa alimdai fedha, huwalipa warithi. Asipowajua warithi, fedha huziweka mikononi mwa baraza la hukumu.