HATI ZA MTOTO AHAMAPO SHULE

Mzazi wa Kawangware au Kangemi ampelekapo mtoto wake shule ya katikati ya mji wa Nairobi, huulizwa hati. Yampasa aziombe mapema kwa mwalimu mkuu wa shule anayoiacha: barua ya uhamisho na ripoti za mihula iliyopita, zote zenye sahihi na muhuri. Mitaa hiyo ina shule ndogo nyingi za watu binafsi. Nyingine hufungwa ghafula, na makaratasi yake hayaonekani tena.

Barua peke yake haitoshi. Tangu mwaka 2017 wanafunzi huandikwa katika daftari la kompyuta la Wizara ya Elimu, na shule ya zamani haina budi kumwachilia mtoto humo ili ile mpya impokee. Jina nalo lilingane na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi.

Cheti cha mtihani ni jambo jingine. Namba ya mtahiniwa wa KCSE ina tarakimu 11: 8 za kwanza ni za shule, 3 za mwisho ni zake mwenyewe. Mwenye shaka na aulize Baraza la Mitihani, kwa maana muhuri mzuri si ushahidi. Tena Sheria ya Baraza hilo ya mwaka 2012 yakataza mtu au shule yo yote kumzuilia mtahiniwa cheti chake, hata kama karo inadaiwa. Mwalimu akishikilia kukataa, malalamiko hupelekwa afisi ya elimu ya kaunti ndogo: Dagoretti kwa watu wa Kawangware, Westlands kwa watu wa Kangemi.