Mwili Ukianza Kulegea: Mafunzo Sita Niliyopata

Kazi ya kutafsiri nyaraka hapa London iliniletea maumivu ya shingo na mgongo. Asubuhi nameza dawa yanatulia, jioni yamerudi. Vipimo havikuonyesha ugonjwa, nikashauriwa nijaribu mbinu ya Alexander. Mbinu hii haina kutoka jasho. Mwalimu hukuwekea mkono kwenye kisogo, akakuongoza kukaa kitini na kuinuka, nawe unajifunza kutambua pale unapojikaza bila sababu, kisha unaacha kujikaza.

Kwa kuwa ni mazoezi ya upole, wengi huyaanza bila kuuliza yatawabadilisha vipi. Lakini mwili uliojishikilia kwa miaka mingi hauachii hivi hivi. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu anayefikiria kuanza, ajue mapema lipi ni la kawaida na lipi ni la kumpeleka hospitali.

1. Ukinyooka, unaweza kujihisi umepinda

Mwalimu aliponiweka sawa mara ya kwanza, nilihisi naanguka kifudifudi. Akanigeuza nijitazame kwenye kioo: mabega yako usawa mmoja, masikio yako juu ya mabega, nimesimama wima kabisa. Macho yalikuwa yananiambia hili, na mwili unashikilia lile.

Jambo hilo ndilo lililomsumbua mwanzilishi mwenyewe. Frederick Matthias Alexander alizaliwa Tasmania, Australia, mwaka 1869, akawa msanii wa kughani tungo za Shakespeare jukwaani. Sauti ikawa inamkauka, na matibabu hayakumpa nafuu ya kudumu. Akaamua kujichunguza kwa vioo. Aligundua kwamba kila alipotaka kughani alirudisha kichwa nyuma, akakandamiza koo, akavuta pumzi mdomoni kwa kishindo. Alipojitahidi kukipeleka kichwa mbele, alihisi amefaulu, ila vioo vilimwonyesha bado anakirudisha nyuma. Hisia zilizozoea kosa huliona kosa ndilo sawa.

Kwa hiyo siku za mwanzo usishangae ukijiona mgeni ndani ya mwili wako. Baada ya somo pumzika kidogo kabla ya kushika usukani wa gari, na kwenye ngazi shika reli. Hali hiyo hupungua kadiri mwili unavyouzoea usawa mpya.

2. Misuli iliyokuwa imelala ikiamka, huuma

Nilitegemea nafuu shingoni, nikapata maumivu mapya kiunoni na mapajani. Kazi iliyokuwa ikifanywa na misuli ya shingo na mabega ilikuwa inarudi kwa misuli ya kiuno na mapaja, nayo haikuwa imeizoea. Maumivu ya namna hii ni ya uchovu: yanasambaa, hayachomi, na yanaondoka ukipumzika.

Usingizi nao unaweza kukushika. Sehemu ya mazoezi ni kulala chali sakafuni, vitabu vichache chini ya kichwa, magoti juu na nyayo chini, kwa dakika 10 hadi 20. Mchana kutwa diski zilizo kati ya pingili za mgongo hubanwa na kupoteza maji, ndiyo maana jioni mtu huwa mfupi kidogo kuliko alivyoamka. Ukilala hivyo zinapata nafasi ya kupumua. Ila usiinuke ghafla ukapata kizunguzungu. Geuka ubavu kwanza, kaa kidogo, ndipo usimame.

3. Machozi yanaweza kuja bila kuitwa

Siku moja nikiwa nimelala hivyo, mbavu zikaachia, pumzi ikashuka hadi tumboni, na machozi yakanitoka. Sikuwa nawaza msiba wala ugomvi wowote. Mwalimu hakunihoji. Alinyamaza, akanipa muda.

Tunapoogopa au kuhuzunika tunakaza taya, tumbo na mabega, na mara nyingi kukaza huko hubaki hata jambo lenyewe likiisha. Haishangazi basi kwamba mwili ukilegea, moyo nao unaguswa. Machozi ya namna hiyo huacha wepesi. Lakini ikiwa huzuni inakufuata nyumbani, inakunyima usingizi au inakurudisha kwenye tukio la kutisha lililokupata, mtafute mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Mwalimu wa mkao hakusomea kazi hiyo.

4. Kujichunga mno hukukaza upya

Hii ndiyo athari iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Ukishajua kwamba unajikaza, unaanza kujipeleleza: shingo ikoje, bega limepanda, nimekaaje? Nilikuwa nazungumza na mtu huku nusu ya akili yangu iko mgongoni, na jioni nachoka kuliko zamani. Mkao unaolazimishwa unabana pumzi kama ule uliopinda.

Kilichonisaidia ni kutenga nyakati chache za kujikumbuka, kama vile kabla ya kuinuka kitini, kabla ya kujibu simu, kabla ya kuanza kuchapa. Nasita kidogo, naacha shingo ilegee, halafu naendelea na shughuli. Katikati ya nyakati hizo nausahau mwili, na ndivyo inavyotakiwa.

5. Watu watausoma mwili wako vingine

Nilipokwenda Mombasa kusalimia, nilimwamkia shangazi yangu shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama ninavyovuka ua, akasema, "Mwanangu, Ulaya imekufunza maringo?"

Kwetu mtoto hufunzwa kuinama kidogo mbele ya wakubwa, na binti mrefu huambiwa asijitutumue. Anayetembea wima anaweza kudhaniwa anajiona. Nilimweleza shangazi habari za mgongo wangu, akaridhika. Nikamwonyesha pia kwamba heshima ya kuinama haipotei: unakunja nyonga na magoti, mgongo unabaki mrefu, na salamu inafika vilevile.

6. Nafuu isikufanye uache dawa, wala isikufiche hatari

Faida zipo, nami ni shahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la British Medical Journal uliwafuatilia wagonjwa 579 wa maumivu sugu ya mgongo nchini Uingereza. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa masomo 24 walikuwa na siku chache zaidi za maumivu kwa mwezi kuliko waliopata matibabu ya kawaida tu, na madhara makubwa hayakuonekana. Naye mwanasayansi Nikolaas Tinbergen, akipokea tuzo ya Nobel mwaka 1973, alieleza katika mhadhara wake kwamba yeye, mkewe na mmoja wa binti zao walijaribu mbinu hii wakaona mabadiliko katika shinikizo la damu, pumzi na usingizi.

Lakini ukiona presha imeshuka, anayepunguza vidonge ni daktari. Na maumivu ya mgongo yakiambatana na ganzi sehemu za siri, miguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda bila sababu navyo vinahitaji vipimo, maana kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo, na hakitibiwi kwa mkao mzuri. Mwenye mifupa iliyovunjika au diski iliyochomoza amwone daktari kabla ya somo la kwanza.

Sijutii kuanza, na ningemshauri mwenzangu mwenye maumivu kama yangu ajaribu. Ila aulize kabla: nitajisikiaje kesho yake, na ni dalili gani nikizipata nisimame? Mwalimu mzuri atakuwa na majibu, na atafurahi kwamba umeuliza. Asiyependa swali hilo, mtafute mwingine.